Ukuta wa Shehia na Brashi ya Mgeni

Kila ifikapo Julai, skuli na vyuo vya Ulaya vikishafungwa, Unguja hupokea makundi ya vijana wanaokuja kufanya kazi na vijana wenzao wa hapa. Moja ya kazi zinazopendwa ni kuchora kuta. Mpangilio wake unafahamika: vijana kadhaa kutoka nje, vijana kadhaa wa shehia (mtaa ulio chini ya sheha), wiki mbili au tatu, ukuta wa skuli au wa soko, kisha uzinduzi wenye viongozi, ngoma na picha nyingi za simu. Wapo wanaoona hii ni neema kwa vijana wetu. Wapo wanaoona kuta zetu zimegeuzwa daftari la mazoezi la watoto wa watu. Mimi naona kila upande umeshika jambo la kweli, ila wote wanagombania mchoro, na mchoro ndio sehemu nyepesi ya jambo hili. Sehemu nzito ni namna ruhusa inavyoombwa katika jamii ambayo haijazoea kumwambia mgeni hapana.

Nianze na hoja isiyo na miguu, ile inayosema kwamba mkono wa mgeni ukishagusa, sanaa si yetu tena. Nenda msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja. Kwenye mihrabu yake kuna maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, yenye tarehe inayolingana na mwaka 1107. Wataalamu wameufananisha mwandiko wake na ule wa Siraf, bandari ya zamani ya Ghuba ya Uajemi. Jiwe ni la bahari yetu, mwandiko umesafiri na pepo za kaskazi, na hakuna Mzanzibari leo anayeuita msikiti ule wa kigeni. Karibu na wakati wetu, kumbukumbu ya watumwa pale Mkunazini, zile sanamu zilizozama shimoni na minyororo shingoni, ni kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Imekuwa sehemu ya namna kisiwa hiki kinavyoieleza historia yake. Ukienda pale, hata hivyo, aghlabu utakuta watalii na wanaowaongoza, mara chache mtu wa Kwahani aliyekuja na wanawe. Kwa hiyo suala la nani kachonga lina uzito mdogo kuliko suala la kazi inazungumza na nani.

Na hapa ndipo ninapoona faida kubwa ya mabadilishano haya, faida ambayo hata waandaaji wake hawaisemi vya kutosha. Kijana wa Zanzibar mwenye kipaji cha rangi ana soko moja tu la uhakika, nalo ni mtalii. Pita mitaa ya maduka ya Gizenga au Hurumzi, Mji Mkongwe, uangalie vinavyotundikwa: twiga, tembo, Wamasai waliojipanga mstari, machweo ya mbugani. Mtindo wa Tingatinga wenyewe ulizaliwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa mkono wa Edward Said Tingatinga, na ni sanaa ya kuheshimiwa. Lakini mchoraji wa Unguja anayechora tembo siku nzima hajawahi kumwona tembo akipita Mwanakwerekwe. Anachora kinachoingia kwenye begi la mgeni. Ukuta hauingii kwenye begi. Ukuta unamlazimisha ajiulize jirani yake angependa kuona nini kila asubuhi akienda kununua mkate, na hilo ni swali ambalo duka la picha halijawahi kumuuliza.

Kuna ufundi pia. Kuukuza mchoro wa karatasi hadi uenee ukuta mzima kwa kupiga miraba, kukadiria rangi ili isiishe njiani, kujua rola inafaa wapi na brashi wapi, kupangiana zamu juu ya ngazi: haya hujifunzwa kwa kufanya, na skuli zetu nyingi hazina nafasi wala vifaa vya kuyafundisha. Kijana aliyeyafanya mara moja anaweza kesho kuchukua kazi ya hoteli au ya duka na kulipwa.

Isitoshe, wageni wakija na macho yaliyo wazi wanaweza kutusaidia kuona tuliyoyazoea. Wanawake wanaopaka piko na hina kwa ajili ya harusi wana mkono wa mstari ambao wanafunzi wengi wa sanaa wangeutamani: ua moja linazaa jani, jani linazaa mshipa, hakuna kufuta. Sielewi kwa nini miradi ya kuchora kuta huwatafuta vijana wa kiume wenye fulana zenye rangi na kuwapita mafundi hawa. Na kanga tayari ni sanaa ya hadhara inayotembea, yenye pindo, mji na jina. Ukuta uliogawiwa kwa mpangilio huo, pindo pembeni, mji katikati na jina chini, ungesomwa na kila mwanamke wa mtaa bila maelezo ya mtu. Ubishi juu ya jina gani liandikwe ungeweza kuchukua wiki nzima, na wiki hiyo ingekuwa na manufaa kuliko mengi yanayofanywa sasa.

Upande wa pili sasa, na hapa nitakaa kidogo.

Mgeni akija Zanzibar akaomba jambo, jibu la kwanza ni karibu. Hilo ni adabu, na ni jambo zuri katika sisi. Lakini karibu ya adabu si ruhusa. Mzee anayeulizwa mbele ya wageni kumi, sheha akiwa pembeni na maji ya chupa yamekwisha gawiwa, hatasema kwamba ukuta ule anaupenda ulivyo. Atasema hewala. Atanung'unika jioni barazani, na hakuna mratibu atakayekuwepo kusikia. Kisha ripoti itaandikwa kwamba jamii ilishirikishwa na ikaridhia.

Sheha naye ana mamlaka yake ya kiserikali, na bila yeye hakuna kitu kinachofanyika. Saini yake ni ya lazima. Haiwezi, hata hivyo, kuwa badala ya bibi anayekaa kwenye baraza la ukuta huo tangu alasiri hadi magharibi. Ng'ambo, yaani mitaa ya mji iliyo nje ya Mji Mkongwe, ina kumbukumbu ndefu ya kuchorewa mambo na wengine. Majumba ya Michenzani yalijengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yakakata katikati ya mitaa ya nyumba za udongo, na familia zilipisha. Wengine walifurahia maji ya bomba na umeme, wengine wanayalilia mabaraza yao hadi leo. Mtu aliyekulia katika kumbukumbu hiyo anajua kwamba ramani ikishachorwa, kuulizwa maoni ni utaratibu tu.

Methali yetu inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu huitaja kwa ajili ya jembe, nami naziona zaidi zile siku mbili. Kuna muda wa kukaa, kulishwa, kusikiliza, kutambuliwa wewe ni nani, ndipo kazi ianze. Miradi ya wiki mbili hutoa brashi siku ya kwanza kwa sababu tiketi ya kurudi imeshakatwa. Hata katika mpango wa Umoja wa Ulaya wa Erasmus+, unaohusu zaidi nchi za Ulaya na jirani zake, mabadilishano ya vijana hudumu baina ya siku 5 na 21. Muda huo unatosha kupaka rangi. Kumjua mtu kunataka zaidi.

Haraka hiyo ina madhara ambayo mgeni hawezi kuyaona. Chukua rangi zenyewe. Kwetu kijani na manjano zikikaa pamoja ukutani, kila apitaye anasoma CCM. Zambarau inasomwa ACT-Wazalendo. Maskani zetu, vile vijiwe vya wafuasi wa vyama, zina rangi zao, na ubao wa maskani ya Kisonge pale Michenzani umefahamika kwa miaka mingi kwa maneno yake ya kisiasa. Kundi la vijana wa nje linaweza kuchagua kijani cha mikarafuu na manjano ya jua kwa nia safi kabisa, na mtaa ukagawika kabla rangi haijakauka. Pemba, ambako watu hawajasahau waandamanaji waliouawa Januari 2001, jambo hili ni zito zaidi. Vijana wa hapa wanalijua. Ila je, wameachiwa nafasi ya kulisema mbele ya mratibu anayelipia chakula cha mchana?

Kuna suala la sura za watu na wanyama. Waislamu wa hapa hawana kauli moja. Wapo wasioona tatizo katika picha ya mvuvi na ngalawa yake, na wapo wanaoona si sawa kabisa, hasa ukuta ukielekea msikiti au madrasa. Anayeudharau upande huu wa pili kwa kuuita wa kizamani anafanya kosa, kwa sababu hao ndio watakaoupita ukuta mara tano kwa siku. Maua, nakshi za milango, mistari ya mikeka ya ukili na maandishi yanatosha kujaza kuta za kisiwa kizima bila kumkwaza mtu.

La nyenzo nitalipitia haraka maana jibu lake liko wazi. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake zinahitaji kupumua. Ukizipaka rangi ya kisasa inayoziba, unyevu unabaki ndani, plasta inavimba, inaanguka. Mji ule umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe ipo kwa kazi hiyo. Baada ya sehemu ya jumba la kale la Beit el Ajaib kuporomoka Desemba 2020, hakuna mwenye haki ya kusema hakujua kuta zetu ni dhaifu. Kuta za matofali ya saruji za Ng'ambo ndizo za kuchorwa.

Tena kuna neno lenyewe, mabadilishano, ambalo ni ahadi. Mara nyingi safari ni ya upande mmoja. Ujerumani ilipoanzisha mpango wake wa weltwärts mwaka 2008, ulikuwa wa kupeleka vijana wa Kijerumani nje, na ilichukua hadi 2013 kuanza kuwapokea vijana wa nchi washirika. Mipango ya Norway chini ya Norec, shirika lake la serikali la mabadilishano, imejengwa juu ya msingi wa kila upande kutuma na kupokea, na huo ndio mfano wa kufuatwa. Lakini hata nia njema inakutana na viza. Kijana wa Wete anayetaka kwenda Ulaya lazima avuke bahari hadi Dar es Salaam, alipe euro 90, ada ya viza ya Schengen tangu Juni 2024, aonyeshe taarifa za benki na sababu za kutosha za kurudi nyumbani. Akikataliwa, ada hairudi. Mwenzake anayekuja kwetu hupata viza akiwa uwanja wa ndege.

Wapo wanaosema fedha za kuwaleta vijana hawa zingechimba kisima. Siwaungi mkono. Nauli ya kijana wa Kijerumani isingekuwa kisima hata asingekuja, na mtaa wenye kiu bado una haki ya kutaka uzuri. Ninaloliona la haki zaidi ni swali la malipo: msanii wetu anayefundisha kundi zima kwa wiki mbili, anayetafuta ngazi na kumtuliza mwenye nyumba, huambiwa anajitolea, wakati mratibu aliyetoka nje ana mshahara. Hilo ni la kukataa waziwazi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba waje, lakini waitwe. Shehia iandike kwanza kwamba inataka mchoro, wapi na kwa nini. Wanawake waulizwe peke yao, na wanawake wenzao. Michoro ya kuchagua iwe zaidi ya mmoja, na kuuacha ukuta mweupe kuwe miongoni mwa machaguo. Tuna mfano wa nyumbani: mradi wa Ng'ambo Tuitakayo, ambao Idara ya Mipango Miji na Vijiji iliufanya pamoja na jiji la Amsterdam na taasisi ya African Architecture Matters, uliorodhesha sehemu zenye maana kwa wakaazi kabla ya mipango kuamuliwa. Wageni walikuwemo. Wakaazi waliulizwa mapema.

Na iandikwe pia kwamba baada ya masika mbili, rangi ikishaanza kubanduka kwa chumvi na mvua, mtaa una haki ya kupaka juu yake bila kumwomba radhi mtu wala kumtumia mfadhili barua.

Anayeona masharti haya ni mazito afikirie safari ya upande wa pili. Vijana wa Chake Chake wakifika mji wowote wa kale wa Ujerumani na kutaka kuchora ukuta wa jengo lililohifadhiwa, wataelekezwa kwenye mamlaka ya hifadhi, mwenye jengo atatakiwa aridhie kwa maandishi, na kibali kinaweza kuchukua miezi. Hakuna atakayeita hayo urasimu wa watu wasiopenda sanaa. Muda uleule, saini zilezile na heshima ileile ndivyo ukuta wa Kikwajuni unavyostahili.