Risasi ya Mguu

Asubuhi ya tarehe 10 Julai 2025 nilikuwa kwenye matatu, redio ikirudia kauli ya Rais Ruto wa Kenya ya siku iliyotangulia kuhusu maandamano: anayechoma biashara ya mwenzake apigwe risasi ya mguu, apitie hospitalini akienda kortini. Makanga akacheka, akajipiga kofi pajani. "Ya mguu tu, si mbaya!" Abiria kadhaa wakacheka naye.

Macho yangu yalibaki kwenye lile paja. Humo unapita mshipa mkubwa wa damu. Ukikatwa, mtu huisha kwa dakika chache, na foleni za Nairobi mnazijua. Halafu ni askari gani huyo wa kulenga mguu wa mtu anayekimbia ndani ya moshi wa vitoa machozi?

Anayechoma duka ni mhalifu, hapo sibishi. Wako watu walioporwa hadi rafu zikabaki tupu. Lakini adhabu hutolewa na hakimu, baada ya kesi. Rais akiitanguliza risasi, askari aliye barabarani haisikii kama porojo ya jukwaani. Anaisikia kama ruhusa.

Na hiyo haikuwa mara ya kwanza. Usiku wa 25 Juni 2024, baada ya Bunge kuvamiwa kwa sababu ya Mswada wa Fedha uliotaka kuongeza kodi, tulimsikia Rais akitaja uhaini. Kesho yake mswada ukaachwa, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Ibara ya 37 ya Katiba inamruhusu kila mtu kuandamana kwa amani bila silaha, na wengi niliowaona siku hiyo walibeba bendera, chupa ya maji na simu.

Kinachonikera zaidi ni kitenzi kimoja: "kupoteza maisha". Tume ya kitaifa ya haki za binadamu ilihesabu vifo 39 katika maandamano hayo kufikia mwanzoni mwa Julai 2024, na habari zikasema vijana "wamepoteza maisha", kana kwamba maisha ni kitambulisho kilichodondoka Tom Mboya Street. Waliuawa. Sema hivyo, na swali la "na nani?" litafuata lenyewe. Yule muuza barakoa wa Nairobi aliyepigwa risasi kichwani na polisi tarehe 17 Juni 2025 hata hakuwa akiandamana, alikuwa kazini. Tunajua kwa kuwa kamera ilikuwepo.

Nami sijatakata. Mwaka ule wa 2024 nilituma kwenye kundi letu la familia la WhatsApp picha ya askari akivuja damu, nikaiwekea vikaragosi vya kucheka. Shangazi yangu, ambaye mwanawe yuko GSU, kikosi cha polisi cha kuzima ghasia, alijitoa kwenye kundi bila kuandika neno. Niliifuta picha ile baadaye, lakini hajarudi. Tukikutana kwenye harusi tunaongea kuhusu mvua na bei ya mahindi.