Gesi Isiyonuka

Mwezi uliopita fundi alikuja kushusha AC ya sebuleni, ya zamani, yenye kibandiko cha R-22, jina la gesi ya kupozea iliyomo ndani. Akalegeza nati kwa spana, gesi ikatoka ssss, bomba likashika barafu nyeupe. Nikamuuliza, "Fundi, hiyo si inakusanywa kwenye mtungi?" Akacheka. "Bosi, haina shida, hata hainuki."

Ubaya wake uko hapohapo. Gesi za ukoo huu, hasa R-12 ya friji za kale, zilipendwa kwa upole wao: hazinuki, haziwaki, haziyeyuki kwenye mvua. R-12 huweza kukaa angani kama miaka 100, ikizurura mpaka hewa iipandishe stratosfia, tabaka la hewa lenye ozoni, kilomita 20 na zaidi juu yetu. Huko inakutana na mionzi mikali ya urujuanimno ambayo huku chini haitufikii. Mionzi inakata kifungo cha kaboni na klorini zilizomo ndani ya gesi hiyo, na klorini ikibaki peke yake haitulii. Inanyakua atomu ya oksijeni kutoka kwenye ozoni, inakwenda kuitua kwa atomu nyingine ya oksijeni, inarudi mikono mitupu kunyakua tena. Atomu moja tu ya klorini huweza kuharibu molekuli 100,000 za ozoni kabla haijanaswa. Na ozoni, jamani, ndiyo inayotukinga na urujuanimno!

Wanakemia Molina na Rowland waliyasema haya mwaka 1974, viwanda vikawabishia. Mwaka 1985 wanasayansi Waingereza wakatangaza jinsi ozoni ilivyopungua juu ya Antaktika, na 1987 mkataba wa kupunguza gesi hizi ukasainiwa Montreal.

R-22 ina nafuu. Nyingi huvunjwa kabla ya kufika huko juu. Lakini nayo ina klorini, kiasi chake kinafika, na njiani inaongeza joto la dunia.

Hata hivyo simlaumu fundi. Mashine ya kukusanyia gesi ni ghali, na mteja anayelipia kazi hiyo simjui. Mimi mwenyewe nilipatana naye bei ya kushusha na kubeba, basi. Swali la mtungi nililiuliza gesi ikiwa tayari inatoka, tena kwa sauti ya mtu mwema.

Imebaki AC ya chumbani, R-22 vilevile. Nimemwambia asiiguse mpaka aazime mashine, siku hiyo nitamlipa. Amesema atanipigia.