Digrii ya Lishe: Mshahara Hauulizi Ulilipa Karo Ngapi

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, yanapotoka, wazazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe huniuliza swali lile lile: mtoto amepata C+, anapenda lishe, je, huko kuna pesa? Lishe ndiyo kazi yangu hapa Mombasa na naipenda, kwa hivyo nitajibu bila kuzunguka. Pesa ipo, lakini si nyingi na huchelewa kuja. Digrii hii inafaa kusomwa, ila isisomwe kwa bei ghali.

Wengi hupiga hesabu kwa kuanzia kwenye mshahara: mtu wa lishe hulipwa ngapi? Mimi naona tuanzie upande wa pili, yaani karo. Tangu huduma za afya zikabidhiwe kaunti mwaka 2013, mwajiri mkubwa wa watu wetu ni kaunti, na kaunti hulipa kwa makundi ya kazi. Mwenye diploma huanzia kundi H, mwenye digrii kundi K lililo juu yake. Ukifika mbele ya jopo la usaili wataangalia cheti na usajili wako, basi. Aliyesoma chuo cha umma kwa ufadhili wa serikali na aliyesoma chuo cha binafsi kwa pesa za kiwanja kilichouzwa watakaa ofisi moja na watapokea mshahara mmoja. Huwezi kuusukuma mshahara huo upande. Karo ndiyo unayoweza kuichagua.

Chukua mfano wa kijana anayejilipia. Tuseme karo ni shilingi 120,000 kwa mwaka. Kwa miaka minne ni 480,000. Chumba, chakula na nauli tuvipe 10,000 kwa mwezi, miezi tisa kila mwaka, ni 360,000 nyingine. Ongeza 60,000 za utafiti wa mwaka wa mwisho, koti jeupe, vitabu, bima na nauli za atachimenti, yaani mafunzo ya kazini. Hiyo ni 900,000. Sasa tuseme amepata kazi kwenye kliniki ya binafsi kwa 28,000 kwa mwezi, na baada ya kodi ya nyumba, matatu na tumbo anabakisha 8,000. Atahitaji zaidi ya miaka tisa kurudisha kilichotumika, na hapo hajamtumia mamake hata shilingi moja. Weka nambari zako mwenyewe mahali pa zangu, kisha ufanye hesabu hiyo pamoja na mtoto, mezani, kabla hamjalipa chochote.

Aliyechaguliwa na KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, kwenda chuo cha umma ana hesabu nyingine, ila hapa napo wazazi wengi bado wana kichwani ile karo ya zamani ya 16,000 kwa mwaka. Mfumo uliotangazwa mwaka 2023 ulibadilisha mambo: ufadhili na mkopo hutegemea hali ya familia, na watoto wawili wa darasa moja wanaweza kuachiwa mizigo tofauti kabisa. Usiseme “mtoto ameitwa na serikali” ukalala. Soma barua hadi mwisho, uone familia imeachiwa kiasi gani, na ukiona umewekwa fungu lisilolingana na maisha yako, kata rufaa mapema.

Kuhusu HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, watu huogopa riba, na kwa kweli riba si kubwa: asilimia 4 kwa mwaka. Mkopo wa 200,000 utazaa 8,000 kwa mwaka. Kinachowaumiza vijana wetu ni faini ya 5,000 kwa kila mwezi usiolipwa, yaani 60,000 kwa mwaka juu ya deni lile lile. Na mwaka wa kwanza baada ya kuhitimu ndio mwaka ambao mtu wa lishe huwa hana kitu. Ukimaliza chuo na huna kazi, waandikie HELB, uwaeleze. Usinyamaze.

Mwaka huo mkavu una sababu. Sheria ya mwaka 2007 iliyounda KNDI, taasisi inayosajili wataalamu wa lishe, hairuhusu mtu kufanya kazi hii bila kusajiliwa. Kuna mtihani, kuna ada, na leseni ni ya kuhuisha kila mwaka. Naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote, maana mjini hapa kuna watu wanaouza unga wa kupunguza mwili na kujiita wataalamu, na wagonjwa wa figo wanaumia. Lakini mzazi ajue gharama hiyo inakuja baada ya mahafali, wakati yeye anadhani ameshatua mzigo. Nimewaona wahitimu wakijitolea hospitalini bila malipo, asubuhi hadi jioni, kwa matumaini kwamba nafasi ikitangazwa watakumbukwa. Nauli ya Mtwapa kwenda na kurudi kila siku inatoka kwa nani? Kwa mama yule yule.

Ndiyo maana kwa familia isiyo na akiba, na ambayo mtoto amekosa ufadhili wa maana, mimi husema: anzeni na diploma ya lishe KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya. Ni muda mfupi kuliko digrii, mafunzo yako wodini, na ukitoka unaweza kusajiliwa na kuanza kulipwa. Digrii itafuata baadaye, mtu akijisomesha kwa mshahara wake. Wazee hawapendi ushauri huu. Huona mtoto wa C+, alama ya kuingilia chuo kikuu, kwenda diploma ni kushuka. Lakini anayepanda kutoka H akiwa kazini hana deni la 900,000 mgongoni, na ameshajua kama kazi hii anaiweza.

Zamani tulikuwa na jibu jingine: mashirika. Miradi ya wafadhili, hasa ya Ukimwi na ya watoto wenye utapiamlo, iliajiri watu wa lishe kwa mishahara ambayo kaunti haikufikia. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, watu niliowafahamu walirudi nyumbani ndani ya wiki chache, wengine wakiwa na mikopo ya benki. Anayempangia mtoto maisha leo asiiweke kazi ya mradi kama msingi wa hesabu. Na anayewaza ng'ambo ajue kwamba Marekani, tangu Januari 2024, huwezi kufanya mtihani wa kuwa mtaalamu wa lishe aliyesajiliwa bila digrii ya uzamili. Hiyo ni karo nyingine juu ya karo.

Kazi yenyewe haijapungua, imezidi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 37 ya watoto wa Kilifi, majirani zetu hapo tu, wamedumaa, ilhali kitaifa ni asilimia 18. Utafiti huo huo ulikuta karibu nusu ya wanawake wa Kenya wana uzito uliozidi. Sukari na presha ziko kila nyumba ya mji huu. Na hapo ndipo mtu wa lishe wa Pwani anaweza kupata riziki yake bila kungoja tangazo la kaunti.

Ramadhani ikikaribia, huja wazee wa Mji wa Kale wenye sukari wanaotaka kufunga. Mara nyingi mgonjwa huwa na karatasi aliyopewa mahali, yenye picha za brokoli na tufaha. Futari yake yeye ni muhogo wa nazi, kaimati, tende na uji mtamu. Basi tunakaa tunahesabu chakula anachokijua: kaimati zipungue zibaki mbili, na shira isizagae, muhogo uwe kipande badala ya bakuli, samaki wa kuchoma na kachumbari vitangulie, daku isirukwe hata akiwa na usingizi. Dawa zake apange na daktari kabla mwezi haujaandama. Mgonjwa huyo hulipa, hurudi, na safari ya pili huja na dadake. Kijana anayeyajua hayo, mwenye leseni, akapata siku mbili tatu za kuona wagonjwa kwenye zahanati za mtaani na kugawana malipo na mwenye zahanati, anaweza kuishi vizuri. Haji kuwa tajiri, lakini anaishi.

Ila apewe nafasi ya kuanza bila deni la kumkaba. Mtoto akipata ufadhili mzuri chuo cha umma, mwacheni aende, na kuanzia mwaka wa pili atafute wodi ya kujifunza wakati wa likizo. Asipopata, na njia iliyobaki ni kuuza shamba la Kwale au kiwanja cha Bamburi, msiuze. Fomu ya KUCCPS hufunguliwa tena kwa wanaotaka kubadilisha chaguo. Kaeni naye siku hiyo, muweke diploma ya lishe juu kabisa.