Bwana Darcy na Amani ya Nyumba Yangu

Naomba ieleweke kwamba mimi sina ugomvi na mapenzi. Ugomvi wangu ni na wapenzi wa vitabuni, ambao wameingia nyumbani mwangu bila kupiga hodi, na sasa wamekuwa ndio kipimo cha kunipimia mimi, mume wa kawaida wa Mbagala, mwenye nyumba ya kupanga na daladala mbili kila asubuhi.

Mshitakiwa wa kwanza ni Bwana Darcy wa riwaya ya Jane Austen, Pride and Prejudice, iliyochapishwa Uingereza mwaka 1813. Mke wangu hulitaja jina hilo kwa sauti ambayo sijaisikia tangu enzi za uchumba wetu. Ukimuuliza Darcy ana nini, atakujibu kwamba ana moyo. Kitabu chenyewe kinasema ana pauni 10,000 kwa mwaka, na katika kurasa zote hizo sijamwona hata mara moja akigombea gari la kwenda kazini. Mtu anayeingiza fedha zote hizo akiwa amekaa, kwa nini asipate muda wa kumwandikia Elizabeth, binti anayempenda, barua ndefu ya kujieleza? Mimi ninarudi usiku nikiwa nimesimama njia nzima, kiwiko cha abiria mwenzangu kikiwa shavuni, kisha ninaulizwa maneno matamu yameishia wapi.

Watu husahau pia kwamba posa yake ya kwanza ilikuwa fedheha tupu. Alikwenda kumposa binti wa watu huku akimweleza jinsi jamaa zake walivyo wa hali ya chini. Kwetu mshenga wa namna hiyo angesindikizwa mlangoni kabla chai haijaletwa. Elizabeth alimkataa, na alifanya vizuri. Lakini baadaye, dada yake alipomuuliza alianza kumpenda lini, alijibu kwamba ni tangu alipoviona viunga vya kupendeza vya Pemberley, makazi ya bwana huyo. Mke wangu anashikilia kwamba huo ulikuwa utani. Huenda ulikuwa utani, ila ni utani ambao mpangaji hawezi kuucheka kwa raha.

Kuna kubaya zaidi. Lydia, mdogo wake Elizabeth, alitoroka na afisa mmoja aitwaye Wickham, mtu wa madeni kila kona. Darcy akayalipa madeni hayo, yaliyozidi pauni 1,000, akaongeza fedha nyingine ili ndoa ifungwe, na akataka pasiwepo mtu wa kujua. Tangu mke wangu afike kwenye ukurasa huo, mchango wa harusi ya shemeji yangu umegeuka kesi. Mimi niliahidi shilingi 50,000, nami nitazitoa, lakini katibu wa kamati ameamua kuliweka jina langu kila Jumapili kwenye kundi la WhatsApp, katika orodha ya wasiomaliza ahadi, mbele ya watu ambao hata siwafahamu. Ningependa kujua Darcy angetoaje kwa siri akiwa ndani ya kundi hilo.

Siku nyingine huletwa Romeo wa tamthilia ya Shakespeare. Huyo simwonei wivu kabisa, kwani yeye na Juliet, binti ambaye hakuwa hata ametimiza miaka 14, walikutana karamuni Jumapili, wakafunga ndoa Jumatatu, na kufikia Alhamisi usiku wote wawili walikuwa wafu. Ndoa yao haikufika hata siku ya kuishiwa gesi. Ama habari ya kuzungumza na mpenzi kutoka bustanini, dirisha letu lina nondo na wavu wa mbu, na chini yake hulala mbwa wa mwenye nyumba.

Nikilazimishwa kuchagua, mimi ninawachagua Rehema na Sulubu wa Nyota ya Rehema, riwaya ya Mohamed Suleiman Mohamed wa Zanzibar iliyotoka mwaka 1976. Sulubu ni mwanamume wa jembe, anayependa huku jasho likimtoka, na misukosuko ya ardhi inayowapata yeye na mkewe ni mambo ambayo mtu wa kawaida anayaelewa bila kufafanuliwa. Nikamkabidhi mke wangu kitabu hicho, nikitarajia kwamba angalau sasa nitapimwa na mtu wa kimo changu. Alikisoma hadi mwisho, akafuta machozi, akanitazama kwa muda mrefu.

“Baba Zuhura,” akasema, “mwenzio alikuwa analima shamba. Wewe ule mchicha wa nyuma ya jiko utaumwagilia lini?”