Usiku katika makazi ya wazee

Mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyehamia makazi ya wazee baada ya mkewe kufariki, aliacha kunywa maji kuanzia magharibi. Nilipomuuliza sababu, alinipeleka chooni: choo cha kuchuchumaa, sakafu ya saruji imelowa, taa imeungua, na cha kushika ni mlango tu, nao ukiuvuta unakufuata. "Mchana sina shida, mjukuu wangu. Usiku ndiyo naogopa." Kwa umri wake, akivunjika nyonga huenda asiinuke tena kitandani. Na hiyo kiu anayojilaza nayo inaweza kumpa kizunguzungu kitakachomwangusha vilevile.

Namkumbuka kila nisikiapo mjadala wa kuongeza makazi haya au kuyaacha yafe. Wanaotaka wazee wabaki nyumbani wana hoja nzito. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya 2003 iliiweka familia mbele na kuyafanya makazi kuwa kimbilio la mwisho. Zanzibar, tangu Aprili 2016, hutoa pensheni jamii kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, hata wasiowahi kuajiriwa; ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Mzee mwenye chochote mkononi husikilizwa ndani ya nyumba. Tena nyumbani wanajua bega lipi linamuuma.

Lakini nyumbani kwa nani? Kanda ya Ziwa bibi zetu wameuawa kwa tuhuma za uchawi, kisa macho mekundu, yaliyoiva kwa moshi wa jikoni miaka na miaka, na mara nyingi nyuma ya tuhuma pana shamba linalogombewa. Wapo pia waliougua ukoma, ambao ndugu waliwakatia tamaa zamani. Kuwaambia hawa warudi kwa familia ni kuwatupa mara ya pili.

Kwa hiyo mimi nataka makazi yawepo. Ninachokikataa ni jinsi tunavyoyapima. Wageni huja mchana, hasa karibu na sikukuu, na mchele, sabuni na mafuta. Picha zinapigwa, jua halijazama wameshaondoka. Msaada huo unahitajika, nami nimewahi kuupeleka. Ila mchele haukwambii kama mzee asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila baada ya saa chache ili asipate vidonda vya kulalia, wala nani ana ufunguo wa kabati la dawa saa nane za usiku, wala mhudumu wa zamu anaangalia vyumba vingapi peke yake.

Mabaraza ya wazee yapo hadi vijijini. Yaruhusiwe kuingia bila taarifa, usiku pia, na kusoma daftari la walioanguka na wenye vidonda. Wasimamizi watalalamika kwamba wanatafutiwa makosa ilhali bajeti ni finyu, na kuhusu bajeti wanasema kweli: mhudumu mmoja hawezi kuwa vyumba vyote, hata awe na huruma kiasi gani. Daftari hilohilo ndilo litakalompa mkuu wa makazi hoja ya kudai mhudumu wa pili.

Kwa mzee wetu, majirani tulichangishana. Fundi akafunga bomba la chuma ukutani na kubadilisha taa. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Vyoo vingine vya upande ule bado viko vilevile.