Utabiri tunao Kigoma, shida mtendaji wa mtaa anaufanyia nini?

Wana mwisho wa reli wenzangu, mi sa hivi niko Uholanzi na kila nikitumiwa picha za Kibirizi, maji ya Ziwa Tanganyika yameshaingia kwenye vibanda vya watu naumia sana. Huku kama robo ya nchi iko chini ya usawa wa bahari, 1953 bahari iliwavamia wakafa watu 1,836, toka hapo hawana mchezo. Wataalamu wao wa hali ya hewa, KNMI, walitoa makadirio mapya 2023, njia nne tofauti hali inaweza kwenda, na hayaishii kabatini, bodi za maji (zinapigiwa kura kabisa, kama sisi na madiwani) zinayatumia kuamua tuta lipi la kuzuia maji liinuliwe, na mwananchi anafungua ramani mtandaoni anaona mtaani kwake maji yanaweza kufika wapi.

Kwetu TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) wanatoa mwelekeo wa mvua za msimu kila mwaka, Kigoma na Tabora tumo, nawapongeza kwa dhati. Ila mtendaji akishasoma "juu ya wastani, wananchi wachukue tahadhari" ndo afanyeje? Mkulima wa Kasulu walau afisa ugani atamwambia mbegu ipi apande, ila mama wa dagaa pale mwaloni anataka kujua vichanja vyake vya kuanikia avihamishe lini na avipeleke wapi, hilo hakuna anayemjibu.

Na ziwa letu halikurupuki jamani! Malagarasi, Ruzizi na mito mingine inaingiza maji msimu mzima, mto wa kuyatoa ni Lukuga peke yake kule Kongo, kwa hiyo linapanda taratibu mpaka kilele mvua zikiisha, mwezi wa nne wa tano hivi. Yaani ukipima Januari, ukachanganya na utabiri wa mvua zilizobaki, una miezi kadhaa ya kujipanga. Watu wa Bujumbura wangepata hiyo nafasi kwa mafuriko ya ghafla wangeshukuru.

Hela za matuta ya Kizungu hatuna, sawa, mi siombi hizo. Naomba nguzo zenye alama Kibirizi, Katonga na Ujiji, maji yakigusa alama ya kwanza vichanja na mashine vinahama, ya pili watu wanahama, na halmashauri isipime kiwanja chini ya alama ya juu hata mtu abembeleze vipi. TMA, Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Tanganyika, BMU (vikundi vya wavuvi vinavyosimamia mialo) na watendaji wakae meza moja wakubaliane hizo alama kabla Novemba, mvua zinapoanza, haijafika.