Ndevu za Zambarau

Mmeletewa kisa kwamba nimempaka shehe rangi ya zambarau ndevuni, msikitini, makusudi. Kwanza kabisa: si shehe, si msikitini, wala sikumpaka makusudi. Aliyekusambazieni hakuwamo hata ndani ya gari. Mwenye kisa ni mie, na kucha zangu mpaka leo zina rangi.

Fulana yangu nyeupe, pamba tupu, kifuani picha ya paka mweusi. Nikaichoka, nikasema niitie batiki mwenyewe. Unaishika katikati, unaisokota kama donge la chapati, unaikaza kwa mipira, unaimwagia rangi. Rangi nimenunua Darajani, sokoni mjini Unguja, na muuzaji akanambia, "Magadi usisahau." Rafiki yangu (ndiye huyo huyo msambazaji!) akasema magadi ya nini, tia siki, shangazi yake ndivyo afanyavyo. Nikatia siki ya bibi ya achari, nusu chupa. Ikalala kwenye ndoo, asubuhi nikaisuuza maji mamoja tu, nikaivaa haijakauka sawasawa. Na nzuri, wallahi! Mizunguko kama konokono, na paka kabaki na weusi wake, maana picha zile za kuchapwa hazinyonyi rangi.

Ijumaa, saa sita, joto la kaskazi. Daladala ya 502 kutoka Bububu kwenda Darajani, tumeshindiliwa kama tende. Ubavuni kwangu mzee, kanzu nyeupe ya pasi kali, kofia ya mkono, ndevu nyeupe pee, udi unanukia. Kufika Mtoni akasinzia. Kichwa kikateremka taratibu, kikatua begani kwangu. Kwa adabu sikutikisika. Jasho lanitoka, bega lanilowa. Nikajisemea, maskini, mzee wa watu anatoa udenda.

Haukuwa udenda.

Aliyeanza ni mtoto aliyepakatwa mbele yetu. Akanitazama mie, akamtazama mzee, akarudi kwangu. Akavuta buibui la mamake. "Mama, babu kala zambarau." Mama akageuka, akaziba mdomo kwa mtandio. Kisha wa pembeni yake. Kisha gari zima kimya, kimya kile cha watu wanaobana kicheko puani. Ndipo na mie nikateremsha macho. Shavu, zambarau. Sikio, zambarau. Na ndevu, za upande mmoja tu, zimekoza kuliko fulana yenyewe.

Akafumbua macho.

"Shkamoo," nikasema. Sikuwa na neno jengine.

"Marahaba, baba," akajibu, katabasamu, nusu nyeupe nusu zambarau.

Mengine hayana urefu: Darajani tukashuka, nikamwambia, akajitazama kwenye kioo cha vespa, muuza nguo mmoja akamwazima kanzu, sala akaiwahi. Shavu likatoka kwa sabuni. Ndevu ng'o.

Nimeuliza baadaye. Pamba yataka magadi ndiyo rangi ishike. Siki ni ya hariri na sufu. Sufu ni manyoya. Ndevu nazo… malizieni wenyewe.

Bibi bado anaulizia siki yake.